Daftari la Bluu na Miti ya Mzee

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kitale, na kazi yangu kubwa ni sare za shule. Ukishona sare miaka mingi kama mimi utajua kwamba bluu si rangi moja. Ni ukoo mzima, na ndugu wenyewe hawaelewani. Kuna nevi bluu ya sketi na kaptura, iliyopewa jina la jeshi la majini, na sijawahi kukutana na mtu wa Kitale aliyeona meli ya vita. Kuna royo bluu ya sweta, ambayo nadhani ni ya wafalme. Kuna skai bluu ya shati, ambayo ni mbingu ya asubuhi tu, kwa maana mbingu yetu saa tisa mchana mwezi wa nne ni nyeusi tii. Shuleni mwalimu wa Kiswahili alitufundisha kusema samawati. Nilikubali, nikapata alama zangu. Lakini ingia duka la vitambaa useme unataka samawati, uone vile utaangaliwa.

Mzazi akiniambia anataka ile bluu ya kawaida, mimi hukasirika. Hakuna bluu ya kawaida. Mwaka mmoja nilishona sketi kumi na mbili za royo kwa shule ya nevi, kwa sababu ya mama mmoja mwenye haraka aliyeapa kwamba anaijua, na watoto wakarudishwa nyumbani siku ya kufungua. Tangu siku hiyo nina daftari. Katika kila ukurasa nimebandika kipande cha kitambaa, na chini yake nimeandika jina la shule na jina la bluu yake. Mzazi akija, namfungulia aonyeshe kwa kidole.

Daftari hilo lilinizalia tabia nyingine. Kwenye kurasa za nyuma nikaanza kuandika kila kitu kinachoitwa bluu. Bluu ya kufulia, ule unga ambao mama zetu waliufunga kwa kitambaa na kuuchovya kwenye maji ya mwisho ili shati jeupe liwe jeupe zaidi, na mpaka leo hakuna aliyenieleza kwa nini nguo nyeupe itiwe bluu. Jiwe la bluu, ambalo vitabu huliita mrututu, na ambalo wakulima wa kahawa kule Cheptais huchanganya na chokaa wakanyunyizia mikahawa yao. Picha za bluu, ambazo nasikia hazina bluu yoyote, na ambazo mzee mmoja wa kanisa letu alizikemea kwa kirefu mpaka vijana wakataka kujua zinapatikana wapi. Bluutuu ya simu. Bluuprinti ya nyumba, ambayo mjenzi wangu aliitaja kwa heshima nyingi kisha akanikabidhi karatasi nyeupe. Tiki mbili za bluu, zinazokuambia kwamba mtu amesoma ujumbe wako na ameamua kukunyamazia.

Katika orodha yote hiyo, kilichonisumbua ni bluugamu. Nimekua nikiutazama mti huo. Gome lake ni la kijivu, ukilibandua ndani ni jeupe, majani ni ya kijani, maua ni meupe, na ukichoma kuni zake moshi ni moshi tu. Nilimuuliza seremala aliye jirani na kibanda changu, akasema ni jina tu, kwani mimi nataka nini. Nilimuuliza mfanyabiashara wa nguzo za stima, akasema zikitiwa dawa zinageuka kijani. Siku moja alikuja mteja ambaye alisema amesomea kilimo pale chuo cha Mabanga, nikamshika na suruali yake mkononi. Akaniambia hayo ni mambo ya wazungu waliouleta. Hilo nililijua. Niliandika bluugamu kwenye daftari na alama ya kuuliza mbele yake.

Nyumbani kwetu ni Tongaren, upande wa Bungoma, kwenye shamba ambalo baba alipata wakati watu walipogawiwa mashamba ya walowezi. Baba amefariki miaka tisa sasa. Mama anaishi kwenye nyumba yake ya zamani, na kaka yangu mkubwa amejenga hatua chache kutoka hapo pamoja na mke wake. Chini ya shamba, kwenye bonde, kuna chemchemi, na kando ya chemchemi kuna mstari wa bluugamu thelathini na moja. Naijua idadi kwa sababu nilizihesabu siku ya mazishi ya baba, nikitafuta kitu cha kufanya na macho yangu. Kaka alipopewa nafasi ya kuongea siku hiyo alizielekezea mkono, akasema mzee hakutuachia maneno matupu, ametuachia miti. Watu waliitikia. Paa la nyumba ya mama liko juu ya boriti za miti hiyo, na kitanda nilicholalia nikiwa msichana kilitoka hapo pia.

Mwaka huu mwezi wa pili nilienda kumsalimia mama nikakuta chemchemi inakufa. Zamani bomba lake lilijaza mtungi wa lita ishirini kabla hujamaliza salamu. Sasa maji yalikuwa yanadondoka, na wanawake walikuwa wamepanga mitungi foleni na kukaa chini, wengine na vitambaa vya kufuma. Mama alikuwa katikati yao na vibuyu vyake viwili vya lita tano, kwa sababu mgongo wake haubebi zaidi. Alikuwa amekaa hapo tangu alfajiri.

Sababu haikuwa siri. Chifu alikuwa ameieleza kwenye baraza: bluugamu zote zilizo karibu na maji zikatwe, kwa maana mti huo hunywa kupita kiasi. Wenye mashamba ya juu walikuwa wamekata. Kwetu haukukatwa hata mmoja. Kaka alimwambia chifu mbele ya watu kwamba miti ile ni ya mzee na hataigusa. Si mchoyo, kaka yangu. Wanunuzi wa nguzo wamemjia mara nyingi akawafukuza. Anampenda baba kwa njia hiyo, kwa kukataa, na ukimsukuma anazidi kukataa.

Jioni hiyo alinipa mpango wake. Chemchemi ikikauka, mama atakuja kukaa nami Kitale, kwa sababu mto uko mbali, ng'ambo ya mlima, na yeye hawezi. Alilisema kama jambo jema. Mimi nilimtazama mama. Nina vyumba viwili nyuma ya soko, ukuta wangu na wa jirani ni mmoja, na mama akija kwangu siku ya tatu huanza kukunja nguo zake na kuuliza kuku wake wanalishwa na nani. Mama aliinuka akatoa vyombo. Nilijua kwamba akitolewa hapo hatamaliza mwaka. Niliogopa sana, na kama kawaida yangu nikiogopa nilianza kufoka. Nilimwambia kaka kwamba anamtunza maiti na kumsahau aliye hai. Aliondoka bila kunyanyua sauti.

Kesho yake nilikaa na mama jikoni tukichambua maharagwe. Sikutaka kuongea habari ya maji tena, basi nikaongea upuuzi. Nilimweleza daftari langu, akacheka kwa jiwe la bluu na bluuprinti nyeupe. Picha za bluu niliziruka. Kisha nikamwambia kwamba lililonishinda ni bluugamu, au burugamu, kama yeye anavyoiita. Alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Si ikiwa ndogo ni ya bluu. Majani yake yakiwa machanga yamekumbatia kijiti, mawili mawili, na yana unga. Ukigusa unabaki kwa vidole. Ikikua ndio inaacha."

Nilifurahi kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewauliza wanaume, na jibu lilikuwa hapa jikoni. Nilikuwa natafuta kalamu wakati swali jingine lilinijia. Nilimuuliza aliujua wapi unga huo. Miti hii ilipandwa nikiwa darasa la pili, na mimi mwenyewe sikuwahi kuishika wala kuichunguza ikiwa michanga, kwa kuwa tuliambiwa ni miti ya baba, watoto na wanawake wasiiguse.

Hapa inanipasa kueleza kitu ambacho mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Kwetu mwanamke hapandi mti. Mahindi apande, maharagwe apande, mboga, viazi, apande mpaka achoke. Mti hapana. Mti ni mpaka, na mpaka ni shamba, na shamba ni la mwanamume. Husemwa kwamba mwanamke akipanda mti, mume wake atakufa. Vijana siku hizi hulicheka jambo hilo, lakini sijaona wengi wao wakiwaachia wake zao mche.

Mama aliacha kuchambua. Akaniambia nifunge mlango.

Ilikuwa ni yeye aliyeipanda. Alikuwa amechoka kuomba kuni, alisema. Shamba lilikuwa jipya na tupu, lilikuwa la ngano la mlowezi na halikuwa na kijiti, na kila wiki alitembea hadi kwa watu kuokota matawi huku akisemwa. Baba alikuwa karani kwenye ghala la mahindi Kitale, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Siku moja mama alienda Kitale kwa mkutano wa wanawake wa kanisa, wakala chakula chini ya bluugamu kubwa, akaokota vile vikombe vyake vidogo vya mbegu vilivyoanguka akavikung'uta kwenye leso. Mbegu zenyewe ni kama ugoro. Alizisia kwenye mikebe nyuma ya jiko, nyuma ya majani ya maboga, na aliyeuliza aliambiwa ni sukuma wiki. Ndipo zikaota, za bluu.

Halafu ilibidi azipande, na mwanamke anayeonekana na mche na jembe ataulizwa. Kulikuwa na mahali pamoja tu alipoenda kila siku bila kuulizwa na mtu. Alitia mche mmoja ndani ya ndoo, akafunika kwa kata ya kichwani, akateremka kuteka maji. Alichimba kwa mwiko wa jikoni. Akamwagilia hapo hapo, akajaza ndoo, akakwea kurudi nyumbani. Mche mmoja, safari moja. Ndiyo maana mstari wetu umefuata chemchemi na si mpaka wa shamba, jambo ambalo wageni hulishangaa na sisi hatukuwahi kulishangaa.

Nilimwambia basi yameisha, amwambie kaka, miti si ya mzee, ikatwe. Alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

"Watasema nilimuua baba yenu."

Nilianza kubisha, kwamba baba alikufa na sukari, kwamba siku hizi watu wamesoma, kwamba hakuna atakayesema hivyo. Nilibisha kwa sauti kubwa kwa sababu nilijua watasema. Nilimjua hata atakayeanza. Mama aliniapisha nisifungue mdomo, nikaapa, nikarudi Kitale nimebeba siri ambayo ilinikaa kifuani kama ugali usioiva.

Wiki tatu nilishona vibaya. Nilimwandikia kaka ujumbe mrefu kwenye simu kuhusu maji, kuhusu mgongo wa mama, kuhusu kuku, nikizunguka lile moja nisiloweza kulisema. Tiki zikageuka bluu, na kimya. Nikaandika mwingine. Bluu, na kimya. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia baba aliyekubali kusifiwa hadi kaburini kwa kazi ya mke wake, na hasira hiyo ya pili ilinitisha, kwa sababu nilimpenda baba sana. Kisha shemeji yangu, mke wa kaka, akapiga simu kusema bomba limekauka kabisa na kwamba kaka amepanga kumleta mama Jumamosi. Mama mwenyewe alimpokonya simu akaniambia nije mimi kwanza.

Nilifika nikakuta sanduku lake limefungwa na liko mlangoni. Mama alikuwa amevaa nguo yake ya kanisa. Hakukaa. Alisema twende chini, akatangulia na fimbo yake, kaka nyuma yake, mimi na shemeji nyuma ya kaka. Kwenye chemchemi walikuwepo wanawake wanne au watano waliokuwa wakichimbua matope kwa bakuli. Nilidhani atangoja waondoke. Hakungoja. Aliweka mkono juu ya mti wa kwanza.

"Hii miti si ya mzee. Nilipanda mimi, na hii mikono. Sasa kata."

Mwanamke mmoja aliweka bakuli chini polepole. Kaka alimtazama mama, akatazama mstari wote mpaka mwisho, na mimi nilimwona akiihesabu, kama nilivyoihesabu siku ile. Alisema, "Kwa hivyo baba..." akashindwa kumaliza. Mtu mwenye umri wa miaka sitini, mzee wa kanisa, na niliona usoni mwake kwamba hata yeye alikuwa ameliwaza lile jambo. Lilinichoma kuliko kama lingetoka kwa mtu wa nje. Nadhani mama aliliona pia.

Alimwambia kwamba baba yake alikufa na sukari na karatasi ya daktari iko kwenye sanduku. Kaka akauliza kwa sauti ya chini kama baba aliwahi kujua.

Mama alipojibu alikuwa anaongea na kaka peke yake, kana kwamba sisi wengine tumeondoka. Alisema baba alikuja siku moja katikati ya mwezi, bila kutarajiwa, akamkuta kwenye njia ya chemchemi na ndoo. Alifunua ile kata akaona mche. Mama alidhani atapigwa. Baba aliutoa mche, akaugeuza, akasugua jani kwa kidole akaangalia ule unga. Akaurudisha ndani ya ndoo akaufunika vizuri.

"Aliniambia, maliza. Wakiuliza, nitasema ni yangu. Na nikitangulia, usiwaambie hata watoto, watakumaliza."

Basi mama alikuwa ameyabeba hayo pia, kwamba kwa kusema alikuwa anavunja neno la mume wake. Nilijiona mjinga na hasira zangu za wiki tatu. Sikuwa nimejua lolote kuhusu baba, wala kuhusu hao wawili.

Kaka alikaa chini kwenye majani, na suruali yake nzuri. Alikaa hapo mpaka shemeji akaenda kumwinua. Siku mbili hakuja nyumbani kwa mama. Alituma chakula, hakuja. Sanduku lilibaki mlangoni, na mimi nilibaki Tongaren na kibanda changu Kitale kikiwa kimefungwa. Kijijini kwetu maneno yalikuwa yameshaanza, na yule niliyemtarajia ndiye aliyeyaanza.

Siku ya tatu asubuhi tulisikia msumeno wa mafuta bondeni. Kaka alikuwa ameleta watu, na alisimama kwenye kila mti ukianguka, kofia mkononi. Walikata kwa siku mbili. Walichuna magome ya visiki ili visichipuke, wakavifunika kwa udongo. Mahali palipokuwa na kivuli pakawa na mwanga mkali usiopendeza, na maji hayakurudi siku hiyo wala wiki hiyo. Yalirudi baada ya mvua, kidogo, kisha zaidi.

Nilikuwa nimekuja tena nyumbani wakati kaka alipoleta miche ya mkuyu kutoka Mabanga, kwa kuwa aliambiwa huko kwamba mkuyu hulinda maji. Tuliteremka naye na mama. Ilikuwa saa nne asubuhi na foleni ya wateka maji ilikuwa imerudi, mitungi na watu. Kaka alichimba shimo la kwanza, akalilainisha, akachana mfuko wa mche, akainama.

"Shimo umechimba vizuri," mama alisema. "Mche nipe mimi."

Kaka alinyanyuka. Aliwaangalia wale wanawake, na nilidhani atakataa, kwa aibu yake mbele yao. Akampa. Mama aliweka fimbo chini, akapiga magoti taratibu, upande mmoja kisha mwingine, akautia mche ndani ya shimo na kurudisha udongo kwa mikono yote miwili. Wanawake walisimama na mitungi yao. Bomba lilikuwa linamwagika na hakuna aliyekuwa anateka. Alipomaliza alinyoosha mkono kaka amwinue, akamwuliza shimo la pili liko wapi.